Altezza Haiwaki, Alamu Inalia: Anzia Kwenye Viungo

Fedha za korosho zikianza kuingia, Tandahimba hupokea magari mengi ya zamani ya Kijapani yenye mbio: Altezza, Celica, Subaru Impreza. Altezza ilitengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata ya mwisho kabisa imeshatimiza miaka 20. Alamu iliyomo ndani yake, mara nyingi, haikutoka nayo kiwandani. Ilifungwa na fundi wa Japani, wa Gerezani jijini Dar es Salaam, au wa Masasi. Si ajabu kufungua chini ya dashibodi ukazikuta mbili: ya Kijapani ambayo remoti yake ilipotea kabla gari halijapanda meli, na nyingine iliyofungwa hapa nchini juu ya ile ya kwanza.

Malalamiko ni yale yale. King'ora kinalia usiku wa manane, asubuhi betri haina kitu, au ufunguo unazungushwa na stata imenyamaza. Wengi hukimbilia kununua boksi jipya la alamu. Mimi nasema boksi liachwe mwisho. Boksi lenyewe huharibika mara chache. Kinachoharibika ni viungo vyake. Limeungwa na nyaya za gari mahali pengi, na fundi mwenye haraka husokota waya kwa waya kisha akazungushia tepu. Joto huyeyusha gundi ya tepu, na mtikisiko wa barabara ya vumbi hulegeza msokoto.

Huku kwetu kuna adui mwingine. Kuanzia Juni hivi, mikorosho hupuliziwa salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, na gari hilo hilo la mbio hubebeshwa mifuko ya salfa kwenye buti. Unga huo hupenya kwenye zulia na kwenye kila upenyo wa dashibodi. Salfa ikikaa juu ya shaba, shaba hugeuka nyeusi, na tabaka hilo jeusi huzuia umeme kupita vizuri, hasa kama kuna unyevu. Ukifungua tepu ukakuta waya mweusi, usiusokote upya. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, unga kwa lehemu, kisha vika mpira unaosinyaa kwa joto. Waya wa ethi ufanyie hivyo hivyo: kwangua rangi na kutu pale ulipofungwa kwenye bodi mpaka chuma kionekane, ndipo ukaze.

Hata hivyo, kabla ya kufungua chochote, pima betri. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 11.8 imekwisha. Stata ikizunguka, mita isishuke chini ya 9.6. Betri iliyochoka hushuka zaidi ya hapo, boksi la alamu huzimika kidogo, kisha huamka likiwa limejifunga: linakata stata na kupiga king'ora. Mwenye gari huapa kwamba alamu imeharibika, kumbe betri ndiyo imezeeka. Vipo pia ving'ora vyenye betri ndogo ya ndani, vilivyotengenezwa vilie mwizi akichomoa betri kubwa. Betri hiyo ndogo ikifa, king'ora hulia bila sababu, na dawa yake ni kukibadili.

Kama betri ni nzima lakini inaisha gari likiwa limeegeshwa, pima umeme unaovuja. Zima kila kitu, funga milango, chomoa waya wa hasi wa betri, weka mita ya ampea kati ya waya huo na betri, subiri kama dakika 20. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, utaiunguza fyuzi yake. Gari zima halizidi ampea 0.05 hivi. Likivuta 0.5, betri ya saa-ampea 45 itakwisha kwa saa 90, yaani haifiki siku nne. Chomoa fyuzi moja moja. Mita ikishuka ulipochomoa ya alamu, umempata mhusika. Na zikiwa mbili, ile ya Kijapani isiyo na remoti iondolewe.

Kwa kulia usiku, tazama kwanza swichi ndogo ya boneti. Hukaa kwenye maji na vumbi, ikishika kutu alamu hudhani boneti liko wazi. Kisha senso ya mtikisiko. Gari likilala chini ya mkorosho msimu wa mavuno, bibo moja likianguka juu ya bati latosha kuiamsha. Punguza ukali wake kwa bisibisi kwenye skrubu yake ndogo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mahali alamu inapokata gari. Wapo wanaokata waya wa pampu ya mafuta. Kiungo hicho kikilegea ukiwa unashuka kutoka Newala kwenda Masasi, injini itazimika, usukani utakuwa mzito, na breki zitapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Kata stata peke yake. Stata haihitajiki gari likishawaka. Wakati wa kuchunguza, usiguse plagi za njano chini ya usukani, hizo ni za mifuko ya hewa.

Ukiamua kuitoa alamu kabisa, waya wa stata uliokatwa urudishwe ncha kwa ncha kwa lehemu, na kipande kikihitajika kiwe cha unene ule ule. Ukiungwa kwa kipande chembamba, stata itagonga tu bila kuzunguka, hata kama betri ni mpya.