Ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena

Jamani, umeshaona picha za Wapalestina wakiandamana huku wameinua funguo kubwa za kizamani? Si pambo lile.

Mwaka 1948, Israel ilipoundwa, Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au kukimbia makwao. Wenyewe wanaiita Nakba, yaani janga kubwa. Wengi walifunga milango wakaondoka na funguo, wakijua watarudi baada ya siku chache. Desemba mwaka huohuo, azimio namba 194 la Umoja wa Mataifa lilisema wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe. Wapi! Vijiji zaidi ya 400 vikageuka mahame, vingi vikabomolewa kabisa.

Sasa nyumba ikishabomolewa na jina la kijiji likatoka kwenye ramani, ushahidi unabaki wapi? Kwa bibi anayesimulia. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa kambi ya Shatila, Lebanon, ukimuuliza kwao wapi, mara nyingi hatataji kambi. Anakutajia kijiji cha babu yake. Wapo mabinti walioitwa Yafa au Bisan, majina ya miji iliyopotea.

Unadhani ni hadithi tu? Mbona mwaka 2011 bunge la Israel lilipitisha sheria inayoruhusu kukata ruzuku ya taasisi zinazoifanya siku ya uhuru wa nchi hiyo kuwa ya maombolezo?

Waliokimbia wakiwa watu wazima karibu wote wameshafariki. Funguo wanazo wajukuu.

Wewe je, kijiji cha bibi yako unakijua?