Mkojo wa Rangi ya Kahawa: Kutoka kwa Farasi Hadi kwa Mtoto Wako

Leo naanza na farasi. Nivumilie kidogo, kwa mtoto tutafika.

Akina mama wengi wanaokuja kliniki hapa Lavington hutoka Kawangware, na mmoja wao mumewe ni saisi, yaani mtunza farasi, kwenye uwanja wa mbio wa Ngong. Huo ni ule uwanja uliofunguliwa mwaka wa 1954, kando ya Barabara ya Ngong, ukitoka Dagoretti Corner kuelekea Karen. Saisi yeyote wa miaka mingi atakueleza habari za farasi anayetoka zizini asubuhi akiwa mzima, akakimbizwe kidogo tu, halafu asimame ghafla. Hatua zinakuwa fupi. Jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji. Misuli ya makalio inakakamaa kama ubao, na ukimgusa anashtuka kwa maumivu. Akikojoa, mkojo una rangi ya kahawa.

Zamani huko Ulaya waliuita ugonjwa wa Jumatatu. Farasi wa kukokota mizigo walipumzishwa Jumapili, lakini wakalishwa nafaka ile ile ya siku ya kazi. Jumatatu walipofungwa mkokoteni, misuli ilishindwa. Kwa farasi wa mbio, wengine huzaliwa na udhaifu huo katika ukoo, na huwapata zaidi majike wachanga wenye wasiwasi. Lakini kinachouamsha mara nyingi ni kile kile: chakula kingi cha nafaka, siku za kukaa zizini, kisha kazi ngumu ya ghafla.

Sasa, ndani ya mwili kunatokea nini? Msuli umejengwa kwa nyuzi nyembamba. Zikilemewa kupita kiasi hupasuka, na vilivyomo humwagika kwenye damu. Kimojawapo ni mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya msuli. Ndiyo inayoifanya nyama ya ng'ombe kuwa nyekundu. Figo hujaribu kuichuja, na ndipo mkojo unapogeuka rangi. Ikiwa nyingi, na mwili una upungufu wa maji, huumiza mirija midogo ya figo. Potasiamu nayo humwagika pamoja nayo, na ikizidi kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Binadamu ana misuli kama hiyo, mama, na figo kama hizo.

Nilijifunza haya kwa aibu kidogo. Mama mmoja alimleta mwanawe wa kidato cha pili. Shule zilikuwa zimefunguliwa juma lile, na kijana alikuwa ametoka likizo ndefu ya kukaa tu. Alichelewa gwaride, akaamriwa kuruka kichura kuzunguka uwanja. Siku ya pili hakuweza kukunja magoti wala kuketi chooni. Mama alimkanda kwa maji moto, akamchua kwa nguvu, akamnunulia diclofenac dukani. Siku ya tatu mkojo ukawa kama kahawa. Mimi nilidhani ni kichocho. Karatasi ya kupima mkojo ilionyesha damu, lakini kwa darubini hapakuonekana chembe nyekundu hata moja, na hapo ndipo mwenzangu wa maabara aliponiuliza: “Huyu mtoto alifanya kazi gani?” Karatasi ile haiwezi kutofautisha damu na mayoglobini. Kijana alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo, akawekewa maji ya mshipa kwa siku kadhaa, na figo zake zikapona. Mwingine anaweza kuishia kusafishwa damu kwa mashine.

Kuhusu kichura nitasema wazi. Viboko vilipigwa marufuku shuleni Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumuumiza mwili. Wengine waliweka fimbo chini, wakachukua kichura wakidhani ni mchezo. Si mchezo. Unaweza kwenda shuleni kwa heshima na kumweleza mwalimu mkuu haya niliyokueleza, maana walimu wengi hawajui.

Lakini usiogope kila maumivu. Mtoto akicheza mpira baada ya muda mrefu ataumwa miguu siku moja, mbili au tatu, kisha yatapungua, na mkojo wake utabaki wa kawaida. Cha kutisha ni maumivu makali yasiyolingana na kazi aliyofanya, misuli iliyovimba na kuwa migumu, kushindwa kunyanyua mkono au kupanda ngazi, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kahawa au soda nyeusi. Ukiona mkojo huo, usingoje kesho.

Saisi hamtembezi farasi aliyekakamaa “ili alegee”, maana kila hatua inazidi kupasua. Humsimamisha hapo hapo na kumwita daktari wa mifugo. Nawe fanya hivyo: mpumzishe mtoto, mpe maji anywe ikiwa hatapiki, usimchue. Usimpe diclofenac wala ibuprofen, kwa kuwa dawa hizo huzielemea figo ambazo tayari zina mzigo.

Kuna watoto wa kuangaliwa zaidi: anayetoka kuugua malaria au mafua makali, anayekimbia juani bila maji, na yule aliyerithi selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, kutoka kwa mzazi mmoja tu. Huyu wa mwisho huonekana mzima kabisa. Si lazima umzuie kucheza, ila aanze polepole, anywe maji na apumzike anapochoka. Hata farasi wa mbio hupunguziwa nafaka siku ya mapumziko, hutolewa nje kila siku, na kasi huongezwa kidogo kidogo. Likizo ikikaribia kwisha, mtume mwanao dukani kwa miguu, acheze na wenzake jioni.

Ukienda hospitali, beba mkojo kidogo kwenye chupa safi. Mwambie daktari alifanya kazi gani, siku gani, amekunywa dawa zipi, na alikojoa mara ya mwisho saa ngapi. Wasipouliza, sema wewe.