Mzizi Mwekundu: Namna ya Kuutambua na Kuupanda

Ninyi mnaokaa katika milima ya Kivu, karibu na machimbo ya dhahabu, angalieni vema kamba moja ya porini inayoshika nguo za mtu apitaye. Mizizi yake ni myekundu, nayo hutoa rangi ya kutia nyuzi za vikapu na mikeka. Wataalamu huiita Rubia cordifolia. Majina yake vijijini ni mengi, kwa hiyo tutaieleza kwa sura yake, msije mkakosea.

Watu wakichimba mlima kutafuta dhahabu, kichaka hutoweka, na kamba hii hutoweka pamoja nacho. Naye mwenye kutafuta rangi, aking'oa shina zima asiache kitu, mwaka wa pili atakuta shimo tu. Asiyepanda mihogo hali mihogo kila mwaka. Mzizi huu nao ni vivyo hivyo: yafaa kuupanda.

1. Namna ya kuitambua

Shika kamba mkononi. Si ya mviringo. Ina pembe nne, na juu ya pembe kuna miiba midogo iliyopinda, inayokwaruza ngozi. Majani hutoka manne mahali pamoja, kuizunguka kamba. Kila jani lina kikonyo kirefu na umbo la moyo, na mishipa yake mikubwa huanzia yote penye kikonyo. Maua ni madogo sana. Matunda ni madogo, yana maji ndani, na yakiiva huwa meusi. Mwisho, fukua udongo kidogo. Mzizi ukiwa mwekundu, ndiyo yenyewe.

Msidanganywe na ndugu yake, gugu la shambani liitwalo Galium. Nalo lina pembe nne, nalo hushika nguo. Lakini majani yake ni membamba, hayana kikonyo, na mara nyingi hutoka sita au nane pamoja. Matunda yake ni makavu. Mizizi yake ni myembamba, haifai kazi hii.

2. Namna ya kuipanda

Chagueni udongo laini, wenye kina, usiotuamisha maji. Msipande kwenye mteremko mkali, kwani siku ya kuvuna mtachimba, na mvua itachukua udongo wote. Tena msipande katika mchanga uliotupwa na wachimbaji, wala mahali yanapopita maji ya kuoshea dhahabu. Maji hayo huweza kuwa na zebaki, nayo ni sumu.

Mvua ikianza, kateni vipande vya mzizi au vya kamba iliyoota mizizi chini, urefu wa shubiri moja, kila kimoja kiwe na macho mawili au matatu. Vifukieni kina cha kidole, sentimeta 30 kutoka kimoja hata kingine. Ukingo wa ua ni mahali pazuri, maana kamba itapanda juu yake. Tieni samadi iliyooza, mkapalilie. Msichimbe upesi: ngojeni mwaka wa tatu, mizizi iwe minene.

3. Namna ya kuvuna na kutia rangi

Chimbeni upande mmoja wa shina, acheni upande wa pili, kisha rudisheni udongo. Hivyo shina litaishi. Osheni mizizi, ianikeni kivulini, kisha itwangeni.

Kwa kilo 1 ya nyuzi kavu, chukueni kilo 1 ya mizizi mikavu na gramu 150 za shabu. Kwanza pasheni nyuzi moto katika maji ya shabu muda wa saa moja. Kisha zitieni katika maji ya mizizi. Maji haya yawe ya moto, lakini yasitokote, kwani yakitokota rangi hugeuka kuwa ya udongo. Chungu cha rangi kisiwe chungu cha chakula.

4. Onyo

Wako watu wanaochemsha mizizi hii wainywe kama dawa. Msifanye hivyo. Katika mizizi ya ndugu yake wa Ulaya, Rubia tinctorum, wataalamu walikuta kitu kilicholeta uvimbe wa kansa kwa panya. Rangi hii ni ya vikapu, si ya tumbo.

Basi, mvua ijayo, kila nyumba ipande hata mashina kumi kando ya ua. Dhahabu ikiisha mlimani haioti tena. Mzizi huu huota, mkiuachia sehemu yake.