Ghuba ya Mara ni ya Tarime Pia

Mashindano ya mitumbwi ya Balimi, yaliyobeba jina la bia iliyoyadhamini, yaliizoesha Kanda ya Ziwa utaratibu mmoja: timu za wanaume na za wanawake huchujwa mikoani, Musoma ikiwa kituo kimojawapo, kisha washindi hukutana fainali Mwanza. Tarime na Serengeti huhesabiwa kuwa watazamaji tu. Husemwa kwamba hizi ni wilaya za ng'ombe, mahindi na mbuga, na kwamba aliyekulia Mugumu hamuwezi aliyekulia mwaloni. Ramani yenyewe inakataa. Hadi 2007 Tarime ilikuwa na ufukwe wake. Shirati na mialo yake ilienda Rorya wilaya hiyo ilipoanzishwa. Mto Mara nao, unaotoka Mau nchini Kenya na kukatiza Hifadhi ya Serengeti, hupita kati ya wilaya hizi mbili, huzama kwenye vinamasi, kisha hupita chini ya daraja la Kirumi kuingia Ghuba ya Mara.

La uzoefu ni zito zaidi, maana mvuvi anausoma upepo kabla haujafika. Hata hivyo, mbio ndefu hazitaki ubabe wala ukoo wa wavuvi. Zinataka mpigo mmoja. Kasia moja likitangulia mengine, mtumbwi unayumba, na kila ukiyumba mwendo unapotea. Wanaoondoka kwa pupa hulipa baadaye, mikono ikichoka na mawimbi yakianza kuamka. Kisha kuna boya la kuzungukia: mtumbwi mrefu haupendi kugeuka, na hapo anayeongoza nyuma anaweza kuitupa kazi ya timu nzima. Haya yote hufundishika. Tena mialoni kwenyewe injini zimepunguza kazi ya kasia, kwa hiyo pengo si pana kama linavyodhaniwa (ingawa wavuvi hawatapenda kulisikia hilo).

Wapo watakaotaja mamba na viboko wa mto Mara. Wana haki, na mazoezi yasifanyike mtoni kabisa. Yafanyike ghubani, asubuhi, kabla upepo haujakaza. Watakaokumbuka MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, nao wasibezwe. Ziwa halimwonei haya mgeni wala mwenyeji. Kwa hiyo halmashauri itakayounda timu inunue maboya ya kujiokolea kabla ya jezi, na asipewe kasia yeyote asiyejua kuogelea.