Je, Wajua? Spika Mbili, Makochi Matatu na Familia Nzima

Je, wajua kwamba wazo la stereo lilimjia mtu akiwa sinema? Inasimuliwa kwamba Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza wa kampuni ya EMI, alikwenda kutazama filamu na mkewe, akamwona mwigizaji anavuka upande hadi upande huku sauti yake imeganda palepale. Desemba 1931 aliwasilisha maombi ya hataza: sauti mbili, masikio mawili, na njia ya kuchonga zote mbili kwenye mfereji mmoja wa santuri. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 38, ndege iliyokuwa ikijaribu rada ilipoanguka. Santuri za stereo zilianza kuuzwa madukani kwa wingi mwaka 1958. Hakuwahi kuziona.

Je, wajua kwamba alichokitafuta Blumlein kinapatikana sebuleni kwako bila kutoa hata shilingi? Pima umbali kati ya spika na spika, kisha kati ya kila spika na kochi. Iwe sawa pande zote tatu: mita 2, mita 2, mita 2. Spika zilizobanwa ubavuni mwa TV, au moja juu ya kabati na nyingine sakafuni nyuma ya mlango, zinapiga kelele tu, hata ziwe za bei gani.

Na kispika kile kidogo cha sauti nyembamba kiwe usawa wa masikio ya aliyeketi. Sauti nyembamba husafiri kama mwanga wa tochi: kichwa cha mtu au mkono wa kochi ukikaa mbele yake, imezibwa.

Je, wajua kwamba rekodi ya kale isiyo na stereo ndiyo kipimo bora cha stereo yako? Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hataza ya Blumlein ilikuwa bado. Sauti yake ilinaswa kwa njia moja tu, kwa hiyo spika zote mbili zinatoa kitu kilekile. Cheza wimbo wa Siti, keti katikati, fumba macho. Zikiwa zimepangwa sawasawa utamsikia yuko mbele yako kabisa, mahali pasipo na spika yoyote. Ukimsikia ameegemea kushoto, spika ya kushoto iko karibu mno au imezidishwa. Ukimsikia ametawanyika, hajulikani yuko wapi, nenda ukaangalie waya nyuma ya spika: mmoja umechomekwa kinyume, wa chanya kwenye tundu la hasi. Spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na kinachofutika kwanza ni besi. Watu hununua sabufa mpya kwa sababu ya kosa hili, wakati dawa yake ni kugeuza nyaya mbili.

Je, wajua kwamba soketi ya ukutani haiwezi kutoa wati zilizoandikwa kwenye boksi la mashine ya muziki? Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani takriban wati 3,000. Boksi linalojisifu kwa PMPO 10,000W limebeba namba isiyo na kipimo kinachokubalika popote. Tafuta neno RMS, yaani wati halisi za kudumu, au geuza mashine usome kibandiko cha nyuma kinachotaja umeme inaokula. Inauma kuona mtu anadunduliza miezi kwa ajili ya namba ya uongo.

Wati zenyewe haziendi kama tunavyodhani. Kutoka 50 hadi 100 unapata desibeli 3, nyongeza ndogo. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa maradufu, zinahitajika kama 500.

Je, wajua kwamba mito ya viti ilianzisha sayansi nzima? Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo neno lililotamkwa liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5, likiyafunika yanayofuata. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alikabidhiwa tatizo hilo. Alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi jirani usiku, akapiga bomba la kinanda, akapima kwa saa ni muda gani sauti inachukua kufifia kila anapoongeza mito. Ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa hesabu zake.

Sebule zetu za vigae, kuta za bloku na madirisha mapana zina ugonjwa uleule. Simama katikati, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, kuta mbili tupu zinarushiana sauti. Zulia mbele ya spika, pazia zito, kochi la kitambaa badala ya ngozi: tofauti utaisikia siku hiyohiyo. Ukitaka kujua ukuta unarudisha sauti kutoka wapi, mtu mmoja atelezeshe kioo ukutani huku wewe umeketi. Unapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo pa kutundika pazia au kusogeza rafu ya vitabu.

Trei za mayai hazisaidii. Besi inapita kama hazipo, na moto unazipenda.

Je, wajua kwamba wimbi la besi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8? Ndiyo maana jirani hasikii maneno ya wimbo, anasikia dundo. Toa sabufa kwenye kona, ambako kuta mbili na sakafu huikuza, na uiweke juu ya kipande cha godoro ili isitikise sakafu. Kupata mahali pake, iweke kwanza kwenye kochi lako, cheza wimbo wenye besi, kisha tembea kwa magoti kando ya kuta. Panaposikika besi iliyotulia, ihamishie hapo.

Usiku, watoto wakilala, usiifungulie sauti ili upate besi. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishuka, sikio hupoteza besi mapema zaidi. Acha sauti chini, ongeza besi kidogo, sogeza kiti karibu.

Je, wajua kwamba aliyeketi pembeni naye ana haki yake? Geuza spika zitazame ndani zaidi, mielekeo yake ikutane mbele ya kochi la katikati. Bibi aliyekaa kushoto yuko karibu na spika ya kushoto, lakini haimtazami. Ya kulia iko mbali, lakini inamtazama usoni. Nguvu zinakaribiana, na mwimbaji anabaki karibu na katikati hata kwake.