Je, Wajua? Spea za Seva Zilizo Karibu Kuliko Kitale

Je, wajua kwamba seva ndogo ya kuhifadhia mafaili ikizima ghafla, mara nyingi diski zake huwa bado nzima? Kilichokufa ni adapta, feni au kijisehemu kidogo cha umeme. Nalitanguliza hili kwa sababu watu hukata tamaa mapema, wakatupa kasha pamoja na rekodi za miaka. Kutoka hapa Kalokol, Turkana, hadi Lodwar ni kama kilomita 60; hadi Kitale ni zaidi ya 300. Kabla ya safari hiyo, anza kutafuta spea chumbani mwako.

Je, wajua kwamba kapasita za adapta huogopa joto? Mafundi wana kanuni yao: joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua nusu. Mchana wa Lodwar hufika nyuzi 35 bila shida, na chini ya mabati huzidi. Tazama kichwa cha kapasita: kinatakiwa kuwa bapa, kikivimba imekwisha. Mbadala wake uwe na mikrofaradi zile zile, volti zisipungue, na ukipata iliyoandikwa 105°C usichukue ya 85. Televisheni na dekoda mbovu zimejaa kapasita za kung'oa. Ila chomoa waya wa umeme na usubiri kwanza, maana kapasita kubwa hubaki na chaji inayoweza kukudhuru.

CR2032, ile betri ya kidonge kwenye ubao wa seva, imebeba vipimo vyake katika jina: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. Seva ikiamka na tarehe ya miaka iliyopita, hiyo ndiyo ya kulaumiwa. Rimoti nyingi za magari hutumia betri hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba diski ya SATA ya laptopu na ile kubwa ya kompyuta ya mezani zina soketi moja? Ndogo huingia mahali pa kubwa ukiitengenezea kishikizo, hata cha kipande cha bati. Tena hula volti 5 tu, wakati kubwa hudai na 12 juu yake. Kwa anayetegemea sola, hilo si jambo dogo. Usichanganye skrubu. Diski ndogo hutumia M3, zile zile zinazoshika kisomea-CD, na kubwa hutumia nene zaidi, za kufungia kasha la kompyuta.

Na kwa kuwa tumetaja sola: betri ya volti 12 haikai kwenye 12. Ikichajiwa hupita 14. Seva iliyoandikwa 12V isiunganishwe nayo moja kwa moja. Weka kati yake kifaa cha kusawazisha volti.

Feni mbadala yenye nyaya mbili itapuliza, lakini seva nyingi husoma kasi yake kupitia waya wa tatu. Waya huo usipokuwapo, seva hupiga kelele au hujizima.

Je, wajua kwamba Kalokol yenyewe ina historia inayomhusu kila anayeleta mashine Turkana? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wanorwe walijenga hapa kiwanda cha kugandisha samaki wa Ziwa Turkana. Kilifanya kazi muda mfupi mno. Umeme wa kuendesha majokofu ulikuwa ghali, na maji safi yaliyohitajika hayakuwa rahisi kupatikana jangwani. Kisha Ghuba ya Ferguson, mahali pa uvuvi, ikakauka. Oktoba 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norwe, na msaada ukakatika. Majengo yakaishia kuwa ghala la samaki waliokaushwa, kwa jua na chumvi ambazo wavuvi walikuwa nazo tangu zamani. Kila nionapo seva mpya ikifunguliwa kwenye boksi, nauliza kwanza: nini kinailisha, na kikiharibika kitatoka wapi?

Je, wajua kwamba rezista moja imefufua seva nyingi duniani? Mnamo 2017 ilijulikana kwamba chipu za Intel Atom C2000, zilizomo katika seva kadhaa za hifadhi, zina kasoro: ishara ya saa hudhoofika kwa miaka hadi mashine inakataa kuwaka. Mafundi waligundua kwamba rezista ya ohmu 100 ikilehemiwa mahali panapofaa, seva huamka. Chipu inabaki na ubovu wake, lakini unapata muda wa kunakili mafaili.

Ukinunua diski ya kuziba pengo la iliyokufa, uliza inavyoandika. Kuna zinazopandanisha njia za data kama makuti ya paa, na hizo huburuta sana seva inapojijenga upya. Ukubwa nao usipungue hata chembe, kwani seva itaikataa.

Kuhamisha ubao wa saketi kutoka diski moja hadi nyingine ya aina ile ile? Zamani ilitosha. Siku hizi sharti uhamishe pia chipu ndogo yenye kumbukumbu ya diski husika.

Je, wajua kwamba Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992, ina madarasa ya mpango wa Instant Network Schools, ulioanzishwa 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR? Masomo hukaa kwenye seva ya hapo hapo ili intaneti ikikatika mwanafunzi aendelee. Ndiyo maana adapta iliyokufa huko humnyima mtoto kitabu.

Na kasha lote likifa? Seva nyingi za namna hii huendeshwa na Linux, na mpangilio wa diski umeandikwa ndani ya diski zenyewe. Zichomeke kwenye kompyuta yoyote kuukuu yenye soketi za kutosha, kwa mfuatano wowote, uwashe Linux kutoka flashi, uandike amri mdadm --assemble --scan. Kisha fungua kwa kusoma tu, bila kuandika chochote, na uanze kunakili.