Fanani, Hadhira na Kidhibiti: Mwitiko wa Mashabiki kwa Usanifu wa Michezo ya Video ya Assassin's Creed Origins na Tales of Kenzera: Zau

1.0 Utangulizi

Mwezi Desemba 2023, katika hafla ya The Game Awards mjini Los Angeles, mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alisimama jukwaani akazungumzia kifo cha baba yake. Baada ya maneno hayo alitambulisha mchezo wa video ambao msiba huo ndio uliomsukuma kuutunga. Mchezo huo, Tales of Kenzera: Zau, ulitengenezwa na studio yake, Surgent Studios, ukatolewa na kampuni ya Electronic Arts tarehe 23 Aprili 2024. Pamoja na sauti za Kiingereza, mchezaji aliweza kuchagua kusikiliza wahusika wakizungumza Kiswahili.

Kiswahili kilikuwa kimekwishasikika katika michezo ya video ya kimataifa. Wimbo wa "Baba Yetu", ambao Christopher Tin aliutungia mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005, ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011, na ulikuwa utunzi wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo hiyo. Hata hivyo, kuimba na kuzungumza ni mambo mawili. Katika Kenzera lugha hii hubeba ugomvi wa kijana na mzee, ahadi, matusi madogo na kilio cha mfiwa.

Makala haya yanajadili namna mashabiki walivyoupokea usanifu wa mchezo huo, na ule wa Assassin's Creed Origins uliotangulia, ambamo Salim aliigiza mhusika mkuu. Hoja inayotetewa ni kwamba mabishano ya mashabiki, ambayo juu juu yanahusu miiba, ngazi na vitufe, kwa undani yanahusu mamlaka: fanani aachiwe kuitawala hadhira kwa kiasi gani, na hadhira ipewe nafasi gani ya kukataa. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanalijua swali hili vizuri. Mulokozi, katika uainishaji wake wa tanzu, huitazama fasihi simulizi kama tukio linalofungamana na muktadha, ambamo fanani, fani, hadhira, mahali na wakati huingiliana. Hans Robert Jauss, kwa upande wake, alifundisha kwamba kila hadhira huiendea kazi ya sanaa ikiwa na upeo wake wa matarajio. Mchezo wa video huyaweka mawazo haya mawili mikononi mwa mtu mmoja aliyeshika kidhibiti, ambaye kwa wakati uleule ni hadhira na ni mtendaji.

2.0 Bayek na tatizo la ngazi

Assassin's Creed Origins ilitolewa na Ubisoft mwezi Oktoba 2017. Mandhari yake ni Misri ya enzi za Kleopatra. Mhusika mkuu ni Bayek wa Siwa, mlinzi wa watu wake, anayewasaka waliosababisha kifo cha mwanawe Khemu. Kwa toleo hilo mfululizo mzima uliacha njia yake ya zamani ukaingia katika jamii ya michezo ya mapigano na ukuzaji wa mhusika: mchezaji hukusanya uzoefu, hupanda ngazi, hubadilisha silaha, na kila adui ana namba inayoonyesha uwezo wake.

Namba hizo ndizo zilizozua mjadala. Katika matoleo ya awali, kisu kilichofichwa mkononi kiliua mara moja yeyote aliyenyemelewa vizuri. Katika Origins, askari mwenye ngazi ya juu mno aliweza kuchomwa kisu shingoni akageuka na kupigana. Mashabiki wa zamani walilalamika kwamba ustadi wao umeporwa na hesabu. Waliofurahia mfumo mpya walijibu kwamba bila ngazi nchi kubwa kama ile isingekuwa na mipaka, na kwamba hofu ya kuingia eneo lisilokufaa ni sehemu ya safari. Pande zote mbili zilikuwa na haki, ila ziliongelea mikataba miwili tofauti. Kundi la kwanza lilikuja na mkataba wa mnyemelezi, la pili na mkataba wa msafiri. Ubisoft iliwasikia wote: katika Assassin's Creed Valhalla ya mwaka 2020 iliwekwa hiari ya kufanya mauaji ya kunyemelea yafanikiwe bila kujali ngazi. Mfano huu unathibitisha kwamba maoni ya hadhira hubadilisha fani, japo mabadiliko hayo huchukua miaka.

Lipo jambo moja katika Origins ambalo halikulalamikiwa sana, nalo ndilo linaloiunganisha na Kenzera. Katika sehemu kumi na mbili za nchi kuna duara za mawe. Bayek akifika hapo hakuna adui wala ngazi. Hutazama nyota, huzipanga katika maumbo yake, na hukumbuka alivyomfundisha mwanawe majina yake. Msanifu ameusimamisha mchezo ili baba aomboleze. Mchezaji asiyetaka anaweza kupita bila kuzigusa.

3.0 Zau: msiba usioweza kurukwa

Katika Origins msiba umewekwa kando ya njia. Kenzera imeufanya kuwa njia yenyewe. Kijana Zuberi amefiwa na baba, naye anasoma kitabu alichoachiwa. Ndani ya kitabu hicho yumo Zau, mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: akizileta roho tatu kuu, baba yake atarudishwa. Mtambaji wa kisa, kwa hiyo, ni marehemu, na hadhira yake ya kwanza ni mwana. Mchezaji anasikiliza mlangoni, kama mgeni aliyefika matangani usiku wa pili.

Salim ameeleza kuwa aliichagua aina hii ya mchezo, ambamo mtu hutupwa katika ulimwengu asioujua na kuupapasa hadi aujue, kwa sababu ndivyo msiba unavyomfanya mtu. Zau hurithi kwa baba yake vinyago viwili. Kinyago cha Jua hupigana kwa karibu na kwa moto. Kinyago cha Mwezi hupiga kutoka mbali na kugandisha. Kubadili kimoja kwenda kingine ni kubonyeza kitufe kimoja. Nguvu ya kujitibu na nguvu ya kupiga pigo kubwa hutoka katika chanzo kilekile, hivyo anayejitibu sasa atakosa cha kupigia baadaye. Palipo na mbuyu, Zau huketi chini yake, hutafakari, na uhai wake huongezeka.

Maoni ya wachezaji kuhusu vipengele hivi yaligawanyika. Mwendo wa Zau ulisifiwa na wengi: kuruka kwake, kuteleza kwake hewani na jinsi vinyago vinavyopokezana katikati ya pigo. Lawama kubwa iliangukia miiba na mitego inayoua papo hapo. Mchezaji aliyepigana kwa dakika kadhaa bila kujeruhiwa angeweza kugusa mwiba mmoja akarudishwa nyuma. Walalamikaji walisema adhabu hiyo hailingani na kosa, hasa katika mchezo ambao mahali pengine una huruma, kwa kuwa unamruhusu mchezaji kupunguza ugumu wa mapambano wakati wowote. Waliotetea walisema mauti ya ghafla ndiyo mada yenyewe.

Utetezi huo unavutia lakini haushawishi. Kifo katika msiba wa kweli hakirudiwi. Mwiba wa Kenzera hurudiwa mara ishirini, na kufikia mara ya kumi mchezaji hana huzuni, ana hasira na kidole chake tu. Elden Ring, mchezo wa FromSoftware wa mwaka 2022, haumpi mchezaji kiwango cha ugumu cha kuchagua, na mashabiki wake wengi hujivunia hilo kwa sababu kila kona ya kazi hiyo ni kali kwa namna ileile. Kenzera ina sauti mbili: moja inambembeleza mfiwa, nyingine inamchapa. Hadhira iligundua mgongano huo kabla ya wahakiki kuupatia jina.

Lawama ya pili ilihusu maneno. Wapo walioona kwamba Zau na Kalunga huitaja huzuni waziwazi mno, bila kumwachia mchezaji pengo la kujazia mwenyewe, lile ambalo Wolfgang Iser aliliona kuwa makao ya msomaji ndani ya matini. Hapa upeo wa matarajio una nafasi kubwa. Mchezaji aliyelelewa na michezo yenye wahusika bubu na siri nyingi huona maneno ya Kalunga kuwa mahubiri. Katika utambaji wa Kiafrika, mzee kumweleza kijana bayana kile anachokikwepa si udhaifu wa fani; ni wajibu wa mzee. Kwa kipengele hiki mizani ya walalamikaji ilikuwa na jiwe moja tu.

Inafaa kuongeza kwamba si kila kilichovaa joho la maoni kilikuwa maoni juu ya usanifu. Mwaka 2024 Salim alilazimika kuzungumza hadharani kuhusu matusi ya kibaguzi yaliyomwelekea yeye na kikosi chake. Mtafiti wa mwitiko wa hadhira anapaswa kuyatenga matusi hayo na uhakiki, lakini asiyafiche, kwa kuwa yalikuwa sehemu ya hali ya hewa ambamo mchezo ulipokelewa.

4.0 Upeo wa Karatu

Mchezo ulitangazwa kama kazi iliyochota katika simulizi za Kibantu. Dai hilo lilirudiwa na mashabiki wengi bila kupimwa. Wilaya za Karatu na Ngorongoro ni mahali pafaapo kulipimia, maana huko Kiswahili, lugha ya Kibantu, huzungumzwa kila siku na watu ambao lugha zao za nyumbani si za Kibantu. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi. Kidatoga na Kimasai ni vya Kiniloti. Kihadza, kinachozungumzwa kandokando ya Ziwa Eyasi, hakijathibitishwa kuwa na ndugu. Hadhira ya namna hii haichukulii kwamba kila lisemwalo kwa Kiswahili ni la Wabantu.

Kwa jicho hilo, roho tatu za Kenzera zinasimulia habari nyingine. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu, Waxhosa na majirani zao, na hapo jina la Kibantu linafaa. GaGorib hatokani na Wabantu. Ni wa Wakhoikhoi, ambao husimulia kuwa aliketi kando ya shimo akiwachokoza wapita njia wamtupie jiwe, na jiwe likamrudia aliyelitupa, mpaka Heitsi-eibib alipomshinda. Kikiyaon, kiumbe mwenye umbo la bundi, anatoka Afrika Magharibi. Kuzichanganya asili hizi si kosa kwa fanani, kwani watambaji wamekuwa wakiazimana visa tangu zamani. Kosa ni la lebo, nalo linamgusa zaidi yule ambaye simulizi yake imeingizwa ndani bila jina lake kutajwa mlangoni.

Vinyago navyo vinaonyesha jinsi alama moja inavyoweza kusomwa kinyume. Katika mchezo, Jua ni moto, hasira na pigo la karibu. Katika imani ya jadi ya Wairaqw, Looa, ambaye jina lake ndilo jina la jua, ni muumba, naye huhesabiwa kuwa mama mwenye huruma. Wa kuogopwa ni Netlangw, roho zikaazo kwenye maji na chemchemi. Hadhira iliyozoea mgawanyo huo ingetarajia tiba itoke kwenye Jua na hatari itoke mtoni. Usanifu hauwezi kumridhisha kila msikilizaji, lakini rangi na alama zinazoitwa za Kiafrika hazimfikii kila Mwafrika zikiwa na maana ileile.

Mbuyu peke yake hauhitaji mfasiri. Katika bonde la Eyasi Wahadza hula unga wa ubuyu na hupanda mibuyu kwa mambo za miti kufuata asali. Mti huo hulisha na hutoa kivuli. Kuufanya mahali pa kuketi na kurudishiwa uhai ni uamuzi wa kisanifu ambao hadhira ya huko ingeutambua bila maelezo, na pengine ndio uamuzi bora kuliko yote katika kazi nzima.

Linabaki suala la ufikiaji, ambalo mashabiki wa ng'ambo hawakulitaja kwa kuwa halikuwagusa. Katika miji mingi ya Tanzania vijana hucheza kwenye vibanda vya gemu, na vibanda hivyo hutawaliwa na soka. Malipo ni kwa mechi au kwa muda, wachezaji ni wawili, na waliosimama nyuma hushangilia wakisubiri zamu. Kenzera ni mchezo wa mtu mmoja, unaochukua takriban saa nane hadi kumi kuumaliza, na unamtaka mchezaji arudi pale alipoishia. Kwa mpangilio huo, kazi yenye sauti ya Kiswahili ilisanifiwa kwa ajili ya sebule ya mtu mwenye mashine yake. Hadhira iliyosimama nyuma ya mchezaji, ambayo kwa asili ndiyo hadhira halisi ya utambaji, haikuwekewa mkeka.

Mauzo hayakuikinga studio. Mwezi Julai 2024 Surgent Studios ilipunguza wafanyakazi, na mwezi Oktoba mwaka huohuo kikosi cha michezo kilipewa notisi wakati studio ikitafuta mfadhili wa kazi iliyopewa jina la muda la Project Uso, mchezo wa uigizaji wa wahusika wenye sura ya Kiafrika na giza la kutisha. Jina hilo ni la Kiswahili, na aina yake ingewarudisha mashabiki kwenye mabishano ya ngazi na namba yaliyoanza na Bayek. Mchezo uliofuata kutolewa haukuwa huo. Mwezi Julai 2025 studio ilitoa Dead Take, kisa cha kutisha kinachotokea katika jumba la mtu wa sinema huko Hollywood.